Kiini Chepesi cha Fundi Hussam

Hussam bin Aidarus hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yatakufanya umdhanie vingine. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kiduka chini ya nyumba ya babake pale Kibokoni, Mombasa, na kasoro yake ilikuwa ile inayowapata mafundi hodari wengi: alipenda kusifiwa. Ungempelekea kompyuta kuukuu iliyokwisha kukata tamaa ya maisha, ile ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi ukaikuta bado inajikunakuna, naye angekurudishia ikiwaka kabla hujakaa sawasawa kitini. Kisha angekutazama usoni. Ujira wake hasa ulikuwa hapo, machoni mwako.

Namna alivyofanya haikuwa siri. Kila kompyuta ina programu moja kuu iliyo chini ya programu zote, inayosema na vyuma vyenyewe. Kwa Kiswahili huitwa kiini. Kiini cha kawaida hutengenezwa na watu ambao hawajaiona mashine yako wala hawataiona, kwa hiyo hukijaza maarifa ya kila kifaa kinachouzwa duniani, na kila kinapoamka hupita kikiuliza: kuna printa hapa? Kuna kamera? Kuna hiki, kuna kile? Hussam aliuona huo kuwa umbeya mtupu. Alikifungua kiini, akatoa kila kisichohusu mashine iliyo mbele yake, akakijenga upya kikiwa chepesi, hakina maswali.

"Mtu na viungo vyake," alipenda kusema, "huamki asubuhi ukauliza kama una mikono."

Watu walicheka, na yeye akazidi kunenepa kwa raha. Hakuna aliyemjibu kwamba katika mji huu mikono hubadilika. Kibokoni iko ubavuni mwa bandari ya kale, na hewa ya chumvi haimbakishii mtu kitu: mara imekula tundu la chaja, mara spika, mara kibodi nzima. Hakuna kompyuta ya Mji wa Kale inayozeeka na viungo vyake vyote vya kuzaliwa. Hussam alilijua hilo kuliko sote, maana chumvi ndiyo iliyomlisha, yeye na wanawe. Lakini sifa za wepesi zilikuwa tamu, na mtu akinogewa husahau hata anachokula.

Basi siku moja akaja Rukiya na laptopu yake. Rukiya alikuwa na duka la mabuibui kule Biashara Street, mwanamke wa maneno machache na macho makali, na tangu utotoni Hussam alimwita dada.

"Hussam, mashine hii naiogopa," akasema. "Ina mato. Wateja wangu wajaribu nguo mle ndani, nami sitaki kitu cha kuwatazama."

"Nitaitoa kamera, da Rukiya. Na sikwambii kuifunika kwa plasta. Nitaisahaulisha kabisa. Hata ikitaka kuona, haitajua kama ina jicho."

Rukiya akaridhika. Na Hussam, mkono ukiwa umeshaingia, hakuutoa upesi. Aliitoa kamera, akatoa na mitambo ya mtandao asiyoijua, akatoa vijiti vya michezo, akafika kwenye kipengele cha vifaa vya sauti vinavyochomekwa kwa nje. Akajiuliza nani atachomeka sauti kwa nje katika duka la mabuibui. Akakitoa. Alibakisha njia ya kipanya na ya vijiti vya kuhifadhia kazi, basi. Njia ya katikati ilikuwapo, na aliijua vizuri: angeweza kuviweka vyote hivyo kando, kama vyombo vya wageni kabatini, kiini kikavichukua siku kifaa kigeni kitakapopiga hodi. Ingemgharimu kupepesa jicho tu wakati wa kuwaka. Hakutaka kumpa mtu hata huko kupepesa jicho. Mashine ikawaka kama kiberiti, Rukiya akasema "Mashallah," na Hussam akalala na Mashallah hiyo.

Sasa nikupeleke kwa mamake Rukiya, Bi Mejumaa, ambaye wanawake wa mji walimjua kwa sauti yake kabla ya kumjua kwa uso. Harusi za watu wa Mombasa zilikuwa na vugo, ngoma ya wanawake ya kupiga pembe na kuimba, na Bi Mejumaa ndiye aliyekuwa akizitoa nyimbo, wenzake wakiitikia. Alizijua nyimbo ambazo hata waliomfundisha walikuwa wamezisahau nusu. Hazikuwa zimeandikwa popote. Zilikuwa kooni mwake, na kooni humo ndimo ulimoota uvimbe. Madaktari walimwambia bila kuzungukazunguka kwamba wakitaka kumwokoa lazima waondoe kisanduku cha sauti, na kwamba baada ya hapo hatasema tena.

Wanawake wakakubaliana wakutane nyumbani kwake siku ya kuamkia kulazwa, aimbe zote, zihifadhiwe. Utauliza kwa nini hawakutumia simu. Ukiuliza hivyo, wewe si wa kwetu. Katika mkusanyiko wa wanawake waliovua mabuibui, simu haiingii. Zinaachwa mlangoni, kila mmoja na ajue ya kwake, maana picha moja ikitoka inaweza kuvunja nyumba ya mtu. Lakini ile laptopu ya Rukiya wote waliiamini. Ilikuwa kipofu kwa ahadi ya fundi.

Tatizo likawa moja tu. Maikrofoni ya ndani ya laptopu ilikuwa imeshaliwa na chumvi. Aliyeligundua hilo alikuwa Awino.

Awino alikuwa mpangaji wa Bi Mejumaa, chumba cha juu. Alitoka bara, upande wa Kisumu, akifanya kazi katika ofisi moja ya mizigo bandarini, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na alikuwa ameishi muda mrefu katika nyumba ile hata Bi Mejumaa akaacha kumwita mpangaji, akamwita mwanangu. Wakati wa kupanga foleni hospitali, Awino ndiye aliyeomba ruhusa kazini. Wakati wa kumpikia uji usiokwaruza, ni Awino. Na alipoona mashine haisikii, alikwenda mjini akachagua maikrofoni nzuri ya kuchomeka, yenye kitaa chekundu mbele, akaileta imefungwa kwa karatasi ya zawadi.

Hussam aliitwa aje aichomeke. Aliichomeka, kitaa kikawaka. Akafungua programu ya kurekodi, na kwenye kioo vistari vya sauti vikawa vinatikisika kidogo kidogo. Wanawake walikuwa wanangoja ukumbini aondoke wapate kuvua.

"Kaka Hussam," Awino akasema, "si tujaribu kwanza? Mama aseme maneno mawili, tusikilize yakirudi."

Hussam akacheka. Alicheka kwa sauti, mbele ya watu, na cheko hilo baadaye angelisikia hata msikitini.

"Dada yangu, mashine niliyoijenga mimi haijaribiwi. Kitaa si unakiona? Ama huko bara taa huwaka bure?"

Wanawake wakacheka. Awino naye akacheka, kwa adabu. Hussam akabonyeza, akatoka nje, akakaa barazani na kikapu cha simu zao miguuni.

Na akasikia. Dirisha lilikuwa wazi juu ya kichwa chake, na sauti ya Bi Mejumaa ilishuka yote. Ilikuwa imekwaruzika, ikikatika pale uvimbe ulipobana, lakini mwanamke yule aliimba kama mtu anayehama nyumba na hataki kuacha hata kijiko. Pembe zikalia, wenzake wakaitikia, wengine wakilia kabisa. Wapita njia walisimama. Hussam machozi yalimtoka, na nitakwambia ukweli, katikati ya machozi hayo alijisifu moyoni kwamba mashine yake ndiyo inayoyahifadhi haya.

Bi Mejumaa akapasuliwa. Alikuwa bado wodini Rukiya alipoifungua kazi ile kwa mara ya kwanza, nyumbani, shangazi zake wamemzunguka na Awino kasimama mlangoni. Ilitoka sauti ya shshsh, kama mafuta yanayochemka mbali. Wakasogeza mbele: shshsh. Wakasogeza tena. Rukiya alimpigia Hussam, na alipofika, shangazi mmoja alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga.

Wote wakamtazama yeye. Ni macho yale yale aliyozoea kula sifa zake humo, ila sasa yalikuwa na njaa ya kuambiwa kosa ni la nani. Na kabla hajafikiri, ulimi ukatangulia.

"Hii maiki ni mbovu," akasema. "Vitu vya feki vimejaa mjini. Ungeniuliza kwanza, dada, ningekuelekeza duka."

Alimwambia Awino. Rukiya akageuka akamtazama Awino kwa muda, kisha akasema polepole, "Yaani sauti ya mamangu imekwenda hivi hivi." Awino angejitetea kwa lipi? Fundi alikuwa ameshasema.

Hussam aliichukua maikrofoni ile, akisema anakwenda kuichunguza. Dukani kwake akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, kompyuta ya mteja ambayo hajaigusa bado, yenye kiini kinene chenye maswali yake yote. Ikaitambua papo hapo. Akasema, "Moja, mbili," akasikiliza. Sauti yake ikamrudia safi, na nyuma yake vikombe vya muuza kahawa vikigongana nje barabarani. Akabaki ameketi. Ile taa nyekundu iliwaka kwa sababu umeme tu ndio uliopita. Sauti ilipofika haikumkuta wa kuipokea, kwa vile yeye alikuwa amemfukuza, na programu ikakosa pa kusikiliza ila ile maikrofoni ya ndani, maiti, ikarekodi mnung'uniko wake. Vile vistari vilivyotikisika vilikuwa mnung'uniko. Neno moja la majaribio lingetosha kulijua hilo, na Awino aliliomba neno hilo.

Hapo angeinuka, akavuka kichochoro, akasema. Ni hatua chache. Nami nakwambia hakuinuka. Alijiambia atasema Bi Mejumaa akitoka hospitali, asimsumbue mgonjwa. Bi Mejumaa alipotoka, akajiambia atasema akipata nguvu. Aibu ina uvivu wake: kila siku inakuomba uiachie siku moja tu.

Bi Mejumaa alirudi na tundu shingoni limefunikwa kitambaa cheupe. Alipoulizia nyimbo zake kwa ishara, akielekeza kidole kwenye laptopu, ilibidi Rukiya amwambie. Kizee yule alisikiliza, kisha akauliza kwa macho: nani? Na Rukiya, ambaye hakuwa akisema uongo, akamwambia alichoambiwa na fundi.

Tangu hapo Awino akiteremka na bakuli la uji, Bi Mejumaa aligeuza uso ukutani. Hakumfukuza. Hakuwa na sauti ya kumfukuzia. Awino aliliacha bakuli juu ya kijimeza, na jioni alilikuta vile vile, uji umeota ngozi. Mtaani maneno hayakukosa watu wa kuyabeba: mtu wa kuja, angejua wapi thamani ya vitu hivi, kaokota chochote dukani. Watu waliokuwa wakila viazi vya karai alivyokaanga Awino sasa walimjibu salamu nusu.

Hussam akawa mtu wa vichochoro vya nyuma. Msikitini alikwenda kwa njia ndefu asipite mlango ule. Akimwona Awino anatoka kazini, yeye hukumbuka kitu dukani akarudi. Mkewe, Zakiya, alimwuliza ana nini, akasema ni tumbo, na hakudanganya sana. Kilichomuuma si hofu ya kupoteza wateja, ingawa ilikuwapo. Kilichomuuma ni kwamba alijiona alivyo. Alikuwa amedhani ni mtu mkweli, kumbe alikuwa tu hajawahi kuhitaji uongo.

Akafanya wanachofanya waoga wenye ufundi: akatengeneza mashine badala ya kusema. Alikwenda dukani kwa Rukiya akisema anataka kuisafisha vumbi, akaijengea kiini kingine, safari hii akiviacha vifaa vyote vigeni kabatini, tayari kuitwa, akafunga kamera peke yake. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Baada ya siku chache Rukiya akamwita.

"Imekuwa nzito kidogo kuwaka," akasema. "Ulitia nini?"

"Adabu," Hussam akajibu, akidhani ametania. Rukiya hakucheka, na yeye mwenyewe neno lilimrudi likamchoma.

Siku ya Jumamosi, adhuhuri imepita, alisikia magurudumu ya mkokoteni yakigonga mawe ya kichochoro. Alitoa kichwa. Karisa, msukuma mkokoteni, alikuwa anapakia godoro mbele ya mlango wa Bi Mejumaa, na jiko la gesi, na ndoo iliyojaa sufuria. Awino alikuwa amesimama kando na mkoba begani.

"Mnahama?" Hussam akauliza, na swali likasikika la kijinga hata kwake.

"Nahama, kaka. Nimepata chumba ng'ambo, Likoni. Nitakuwa navuka Feri asubuhi na watu wengine." Akaurekebisha mkoba begani. "Mama hali chakula changu. Nikikaa nitamuua kwa njaa. Na mimi kila nikimwona nakumbuka nilichomharibia. Ningekuuliza wewe kwanza, kama ulivyosema."

Alisema bila kejeli. Mtu huyu alikuwa ameuamini uongo wake hata akaubeba moyoni kama dhambi yake mwenyewe, na sasa alikuwa anauhamisha pamoja na godoro.

"Karisa, ngoja," Hussam akasema. "Usiondoke bado."

Akaingia dukani, akatoka na ile maikrofoni. Akamwomba Awino apande naye, na Awino akakataa kwanza, akisema ameshaaga mlangoni. Hussam akasema, "Nakuomba, dada. Kwa ajili ya Mungu." Wakapanda.

Bi Mejumaa alikuwa kitandani, mgongo umeegemea mito, Rukiya kando yake akimkunjia nguo. Alipomwona Awino akageuza uso.

"Shikamoo, Bi Mejumaa," Hussam akasema, akapiga magoti sakafuni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Tafadhali nitazame mimi. Hii maikrofoni si mbovu. Haikuwa mbovu hata siku moja. Kosa ni langu."

Rukiya akaacha kukunja. Hussam akaeleza, na kwa mara ya kwanza maishani hakueleza kwa maneno ya ufundi. Alisema aliijenga mashine isijue kitu chochote ila ilichozaliwa nacho, ili iwahi kuwaka, ili asifiwe. Alisema Awino alileta kitu kizuri, mashine ikawa haina masikio ya kukipokea, masikio aliyoyang'oa yeye. Alisema Awino aliomba wajaribu, akamcheka. Alisema aliujua ukweli siku ile ile jioni, akanyamaza mpaka leo, na siku zote hizo alisikia mabakuli yakirudi na uji wake.

"Nilikaa chini ya dirisha hili," akasema, "na simu zenu zote miguuni mwangu. Nilizisikia nyimbo zako zote. Mimi ndiye niliyezisikia bure."

"Ondoka mbele yangu, Hussam," Rukiya akasema kwa sauti ndogo. "Ondoka kabla sijakutamkia neno."

Lakini Bi Mejumaa aliinua mkono, na mkono huo ukamzuia Hussam asiinuke na ukamnyamazisha Rukiya. Hakumtazama Hussam tena. Alimtazama Awino, kwa mara ya kwanza tangu arudi hospitali. Akamnyooshea kiganja. Awino akasogea, akakishika, na bibi akamvuta mpaka akaketi kitandani. Midomo yake ikajongea.

"Sikuelewa, Mama," Awino akasema, akiinama. "Sema tena."

Midomo ikajongea tena, polepole zaidi. Mishipa ya shingo ikasimama kando ya kile kitambaa, pumzi ikapiga mluzi kwenye tundu, na hakikutoka kitu kingine. Awino akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, akamgeukia Rukiya, na Rukiya alikuwa amefunika uso. Akamgeukia Hussam.

Hussam alikuwa ameyasoma maneno yale tangu mara ya kwanza. Amekulia mbele ya bibi huyu, angeyajua hata gizani. Alitamani sakafu ipasuke. Bi Mejumaa akamwelekezea kidole, kisha akakielekeza kwa Awino: sema wewe.

"Anasema," Hussam akaanza. Akamtazama Awino usoni. "Anasema: niwie radhi, mwanangu. Nimekudhulumu."